Dada wa Kompyuta: Leja Mbili, Dola za Seva na Saa ya Luku

Kwa wanaoisoma safu hii kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kutunza mifumo ya malipo katika kampuni moja hapa Dar es Salaam. Ikifika zamu yangu ya usiku, miamala ikikwama simu inalia kwangu. Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu tofauti sana, lakini karibu zote zinauliza mashine hizi zimetuletea nini kazini, na gharama inambebesha nani. Nimezifupisha kidogo tu.

*Dada, habari za kazi. Mimi ni karani wa SACCOS ya walimu. Mwaka jana bodi ilinunua kompyuta tatu na programu ya mikopo. Zamani mwanachama akileta marejesho tuliandika stakabadhi, tukaingiza kwenye leja, yakaisha. Sasa tunaandika stakabadhi, tunaingiza kwenye leja, tunaingiza kwenye kompyuta, tunachapisha, mwenyekiti anasaini, tunafaili. Zamani tulifunga saa kumi, siku hizi saa moja usiku bado tupo. Kwenye kikao tumeambiwa hatujui kompyuta. Kweli sisi ndio wazito?*
*Karani, Njombe*

Si wazito hata kidogo. Mnafanya kazi ileile mara mbili kwa mshahara mmoja, na ni haki yenu kulisema hilo mbele ya bodi.

Hamjawa wa kwanza. Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua kituo cha umeme katika mtaa wa Pearl, New York. Viwanda vya Marekani wakati huo viliendeshwa kwa injini moja kubwa ya mvuke. Mhimili mrefu wa chuma ulipita juu, chini ya dari, na kila mashine ilivutwa na mkanda uliofungwa kwenye mhimili huo. Umeme ulipofika, wenye viwanda wengi waliitoa injini ya mvuke, wakaweka mota moja kubwa mahali palepale, mhimili na mikanda wakaviacha. Faida ikawa ndogo. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1920, pale kila mashine ilipopata mota yake ndogo na viwanda vikaanza kujengwa kwa kufuata njia ya bidhaa, ndipo uzalishaji ukapanda kwa kishindo. Mwanahistoria wa uchumi Paul David aliieleza habari hiyo mwaka 1990, kwa sababu wachumi walikuwa na swali kama lako. Mwaka 1987 Robert Solow, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka huohuo, alikuwa amesema kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija.

SACCOS yenu imeweka mota na kuuacha mhimili. Mhimili wenu ni leja.

Ipelekee bodi swali moja tu: salio la mwanachama likitofautiana kati ya leja na kompyuta, lipi ndilo la kweli? Wasipolijibu mtaendelea kuandika vyote viwili mpaka mstaafu. Wakijibu, pangeni kipindi cha kwenda sambamba. Kwa chama cha ukubwa wenu miezi mitatu inatosha. Kila mwisho wa mwezi linganisheni hisa, akiba na mkopo wa kila mwanachama. Penye tofauti tafuteni chanzo, msisawazishe kwa kalamu. Hesabu zikifungana miezi yote mitatu, bodi iandike kwenye muhtasari kwamba kuanzia tarehe fulani kumbukumbu rasmi ni ya kompyuta. Leja ifungwe, isainiwe ukurasa wa mwisho, iwekwe kabatini. Stakabadhi ya mwanachama ibaki palepale, hiyo ni mali yake.

Lakini kabla ya kuifunga, ipekueni leja hiyo pembeni mwa kurasa. Niliwahi kwenda kufunga mfumo wa stoo kwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Mtunza stoo aliingiza kila kitu kwenye kompyuta kama alivyoelekezwa, na bado akaendelea na daftari lake la mistari. Mwenye duka aliuona ni ukaidi. Nilipoomba kulisoma daftari, nikakuta orodha ya vipuri vilivyoazimwa na maduka ya jirani, nani kachukua nini na atarudisha lini. Mfumo ulikuwa na mahali pa kununua na mahali pa kuuza. Pa kuazima hapakuwapo, na biashara ya vipuri mtaani inaishi kwa kuazimana. Daftari lile lilijua kazi kuliko programu iliyonunuliwa kwa mamilioni.

Leja yenu nayo lazima ina maandishi ya namna hiyo: huyu amehamishiwa Makete, makato yake yatachelewa, yule kafiwa na mume, analipa kaka yake. Hayo yasipopata mahali kwenye programu, daftari halitakufa, na wala lisife. Anayeyajua ni wewe, siyo aliyewauzia programu. Siku fundi wao akija kurekebisha mfumo, dai kuwa mezani.

Kuhusu saini ya mwenyekiti: muulizeni kwa heshima huwa anakagua nini kabla ya kusaini. Kama kweli anakagua, apewe orodha moja ya siku nzima jioni, aipitie kwa utulivu. Kusaini karatasi moja moja kunamchosha yeye na kuwachelewesha ninyi. Halafu kila jioni nakilini data kwenye diski ya nje isiyolala ofisini, na kila mwezi jaribuni kuirudisha kwenye kompyuta nyingine mhakikishe inafunguka.

*Shikamoo dada. Nimemaliza shahada ya sayansi ya kompyuta Dodoma. Mama aliuza ekari mbili Kondoa ili nisome. Sasa akili mnemba inaandika programu kwa dakika chache, maombi yangu ya kazi hayajibiwi, na kampuni moja iliniambia wazi kwamba kazi za vijana wapya siku hizi inafanya mashine. Nibadilishe fani?*
*Kijana wa Kondoa*

Marahaba mdogo wangu. Ulichoambiwa kina ukweli ndani yake. Tangu ChatGPT ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, kazi ndogo ndogo tulizokuwa tukiwapa wanaoanza, kama fomu ya kujisajili, ripoti ya mwisho wa mwezi au kusafisha data, zinamalizwa na mashine kabla chai haijapoa. Nami naitumia kazini kila siku. Linaloniuma ni kwamba sote tuliingilia kwenye kazi hizo. Kampuni isiyoajiri anayeanza leo, miaka kumi ijayo itamtafuta mzoefu na haitamwona, na sioni wengi wanaolifikiria hilo.

Ngoja nikueleze kazi yangu ilivyo, uone mashine inafika wapi. Mama yuko dukani Tandika, kachukua unga na mafuta, analipa kwa simu. Mfumo wetu unatuma ombi kwa kampuni ya simu, mama anapata ujumbe wa kuweka namba ya siri, anaiweka, pesa inakatwa, kisha kampuni ya simu inatuletea jibu. Siku nyingi mambo yanaishia hapo. Lakini mtandao ukikatika kabla jibu halijafika, pesa imeshatoka kwa mama, muuzaji haoni kitu kwenye skrini yake, anamwambia mama alipe tena, na foleni nyuma inaanza kulalamika. Mfumo ulioandikwa ovyo utamkata mara mbili. Ulioandikwa vizuri unalipatia kila ombi namba ya kumbukumbu isiyojirudia, ili ombi hilohilo likija tena litambulike na lisikate pesa. Jibu likichelewa, mfumo unauliza hali ya muamala, haubahatishi. Na asubuhi kumbukumbu zetu zinalinganishwa na taarifa ya kampuni ya simu, mstari kwa mstari, mpaka zifungane.

Ukiiambia akili mnemba iandike hayo yote, itaandika, tena vizuri. Ukiiambia tu "niandikie malipo ya simu", aghalabu itakuandikia ya siku ambayo mtandao haukatiki. Anayejua cha kuiambia ni yule aliyemwona mama wa Tandika akibishana huku mfuko wa unga uko mezani. Ujuzi huo ndio unaolipwa, na mashine haijawahi kusimama kwenye foleni ile.

Kuna kisa cha zamani kidogo kinachofaa kukijua. Mwaka 1979 ilitoka VisiCalc, programu ya kwanza ya majedwali ya hesabu kwenye kompyuta ndogo, mama yake Excel kwa namna fulani. Huko Marekani miaka iliyofuata makarani wa kutunza vitabu vya hesabu walipungua, ila wahasibu na wachambuzi wa fedha wakaongezeka, maana hesabu ilipokuwa rahisi kila meneja alitaka hesabu zaidi. Mchumi Mwingereza Stanley Jevons alishaliona jambo la aina hiyo mwaka 1865: injini zilizotumia makaa ya mawe kwa ufanisi zaidi ziliongeza matumizi ya makaa badala ya kuyapunguza. Naamini programu nazo zitakuwa hivyo; zikiwa rahisi kutengeneza, zitatakiwa mahali ambapo leo hakuna anayezifikiria. Ila karani aliyepoteza kazi miaka ile si lazima ndiye aliyeajiriwa kuwa mchambuzi wa fedha. Ndiyo maana sikwambii ukae ukisubiri.

Usibadilishe fani, iongezee nyingine. Kwenu Kondoa kuna alizeti na mashine za kukamua mafuta. Nenda kakae na mkamuaji mmoja msimu mzima. Mkulima akileta magunia, yanapimwaje? Anadaiwa kukamua kiasi gani, na mashudu yanabaki kwa nani? Mafuta yakikaa kwenye madumu wiki mbili yakisubiri bei, nani ana kumbukumbu? Mtengenezee huyo mmoja kitu kinachofanya kazi kwenye simu yake, mtoze bei anayoiweza, umrekebishie kila anapolalamika. Akili mnemba ikusaidie kuandika, usiku mmoja badala ya mwezi. Ukija kwenye usaili kwangu na mfumo huo, na ukaniambia kwa nini ulibadilisha sehemu ya mashudu mara tatu, cheti chako nitakisoma baadaye.

*Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Fundi kaniambia kompyuta yangu mpakato imeisha muda kwa kuwa Windows 10 imefungwa, nijitahidi ninunue mpya. Mimi naandika barua, nasoma magazeti na kuzungumza na wajukuu kwa video, basi.*
*Mwalimu mstaafu, Lindi*

Shikamoo Mwalimu. Usinunue. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa bure masasisho ya usalama ya Windows 10. Kompyuta yako yenyewe haikufa. Hatari iliyopo ni kwamba wezi wa mtandaoni wakigundua tundu jipya, hakuna wa kuliziba. Upo mpango wa kuongezewa masasisho hayo mpaka Oktoba 2026 kwa watu binafsi, kijana anayejua anaweza kukuandikisha. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya kiasi, kwa zile za Intel kwa kawaida kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo mashine nyingi za kabla ya 2018 haizikubali. Kama yako ni mojawapo, iwekewe Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta unaokaa badala ya Windows, ambao ni wa bure na unatosha kabisa kwa barua, magazeti na wajukuu. Ikiwa inakawia kuwaka, ing'olewe diski ya kuzunguka iwekwe SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ipandishwe hadi gigabaiti 8 kama inaruhusu. Utatumia sehemu ndogo tu ya bei ya mpya. Picha na barua zako zinakiliwe kwanza kabla fundi hajagusa kitu. Inanikera sana kuona mashine nzima zikitupwa kwa sababu ya tarehe.

*Habari dada. Nina mfumo wa shule: ada, matokeo, ujumbe kwa wazazi. Shule zinanilipa shilingi kila muhula, seva na SMS nalipa kila mwezi, na seva ni kwa dola. Nikipandisha bei shule zinaondoka. Bili nimekuambatishia.*
*Mjasiriamali, Mwanza*

Nzuri kaka, na ahsante kwa bili, maana bila hiyo ningekujibu ya jumla. Dola mwanzoni mwa 2023 ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilishavuka 2,600. Kwa hiyo seva ileile, yaani kompyuta ya kukodi inayobeba mfumo wako, na wanafunzi walewale vilikugharimu zaidi ya asilimia 10 ya ziada bila wewe kugusa chochote. Hilo huliwezi. Yafuatayo unayaweza.

Picha za wanafunzi zimepakiwa moja kwa moja kutoka kwenye simu za walimu, nyingine megabaiti 5, wakati kwenye ripoti zinaonekana ndogo kama stempu. Zipunguze, kilobaiti 100 zinatosha. Seva ya majaribio inawaka usiku na mchana, likizo pia, izime. Una mashine mbili kubwa kwa ajili ya siku ya matokeo, siku ambazo katika mwaka ni chache. Kodi seva moja yenye bei isiyobadilika, na siku ya matokeo yatengeneze kama kurasa zilizokwisha andaliwa badala ya kuzikokotoa upya kila mzazi anapofungua.

Seva yako iko Virginia, Marekani, nadhani kwa sababu ndiko ilikokuja yenyewe ulipojisajili. Afrika Kusini kuna vituo vya seva vya Microsoft tangu 2019, vya Amazon mjini Cape Town tangu 2020 na vya Google mjini Johannesburg tangu 2024, ila linganisha bei kwanza, ukaribu siyo lazima uwe unafuu. Ulizia pia Dar es Salaam, kwa watoa huduma wanaotoza kwa shilingi. Utakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na nchi nzima ikahangaika na intaneti. Siku kama hiyo mzazi wa Mwanza hahitaji kuvuka bahari kuona ada ya mtoto wake ikiwa seva iko nchini.

Sasa SMS, ambayo ndiyo iliyonishtua. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160, mradi herufi zote ziwe kwenye orodha ya zamani ya GSM, utaratibu wa simu za mkononi. Alama ya ritifaa, ile ya kwenye ng', ikiwa imenyooka imo kwenye orodha hiyo. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wa herufi na nafasi inashuka hadi 70; ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67. Nawe uko Usukumani, nusu ya majina kwenye orodha yako yanaanza na Ng'w. Ujumbe wako wa ada una herufi kama 150, maana yake kwa kila mzazi mwenye jina hilo umekuwa ukilipia SMS tatu badala ya moja. Badilisha ritifaa zote ziwe zilizonyooka kabla ya kutuma. Ni mstari mmoja wa programu. Waliotengeneza orodha ile hawakuwa na majina yetu akilini, na bili imekuja kwetu.

*Dada, 2024 tuliingiza manamba marefu kwenye luku mpaka vidole vikauma. Sasa kijana mmoja hapa saluni anasema 2038 kompyuta zote zitagoma. Nina mkopo wa nyumba wa miaka 15 niliouanza 2025. Kumbukumbu zangu zitakuwa salama?*
*Mama mwenye saluni, Morogoro*

Kijana wako hajazua, kaongeza chumvi tu. Mita za luku, yaani za umeme wa kulipia kabla, hufuata utaratibu wa kimataifa unaohesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inabeba dakika 16,777,216 tu. Zilikuwa zinafika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana TANESCO ilitutaka sote tuingize namba zile za ziada, zenye tarakimu 20 kila moja: zilikuwa zinaiambia mita ianze kuhesabu upya.

Kompyuta nyingi nazo zinahesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Zile za zamani zenye nafasi ya biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri au moja, zinaishia sekunde ya 2,147,483,647, ambayo kwa saa zetu ni tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, zitadhani ni Desemba 1901. Kompyuta na simu zinazouzwa leo kwa kawaida zina nafasi ya biti 64, haziguswi. Wasiwasi wangu uko kwenye vifaa visivyoonekana, vya mageti, vya viwandani, na programu za zamani ambazo aliyeziandika ameshastaafu.

Mkopo wako unaisha 2040, kwa hiyo programu ya benki ilishalazimika kuzipigia hesabu tarehe za baada ya 2038 siku ileile uliposaini. Kama ingekosea, kosa lingekuwa limeshachapishwa. Nenda tawini kaombe ratiba nzima ya marejesho kwenye karatasi. Angalia mistari ya kuanzia Februari 2038: tarehe ziendelee mwezi kwa mwezi bila kuruka, riba ipungue kadiri deni linavyopungua, na mstari wa mwisho uwe na salio la sifuri. Ukiona mwaka wa ajabu popote, mpigie mstari, wagongee muhuri kwamba wameupokea, na nakala ubaki nayo wewe.